Nimepimwa mishipa ya moyo kwa CT scan: yaliyonikuta

Baba yetu alianguka msikitini Tanga akiwa na miaka 58, watu wakasema presha. Mishipa yake ilikuwaje, hakuna aliyewahi kuitazama. Ndiyo maana mwaka jana, mimi mwenyewe nikiwa na 51, nilipoanza kubanwa kifua, mara nikipanda ngazi za ofisini, mara nimekaa tu, sikungoja. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ikatoka safi. Eko nayo, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ikaonyesha moyo unasukuma damu vizuri. Nilitaka kushukuru na kuondoka, lakini daktari bingwa wa moyo akanizuia: vipimo vile viwili vinaweza kuwa vizuri kabisa huku mshipa umeshaanza kujaa mafuta, kwa kuwa hakuna kinachoutazama mshipa wenyewe. Akaniandikia CT scan ya mishipa ya moyo. Sio ile ya kupitisha mrija mkononi au kwenye nyonga mpaka kwenye moyo; hii ni sindano ya mkononi yenye dawa ya rangi ya kuonyesha mishipa, na picha, basi.

Bima walichukua siku 9 kutoa kibali. Ningelipa mfukoni, ingekwenda zaidi ya nusu ya mshahara wangu, kwa hiyo uliza mapema.

Mara ya kwanza nilirudishwa, na hili bado linaniuma. Hospitali niliyokwenda, hapa hapa Dar es Salaam, waliniambia nisile tu. Kahawa hakuna aliyeitaja. Nami alfajiri nilishakunywa vikombe viwili vya kahawa chungu kama kawaida yangu. Kufika, mapigo 94. Wakanipa kidonge cha kuyatuliza, nikakaa zaidi ya saa nzima, yakagoma kushuka chini ya 80. Moyo haukai tuli. Mashine huvizia ule muda mfupi unapopumzika kati ya pigo na pigo, na mapigo yakienda mbio picha hutoka na ukungu. Wao wanataka 60 hivi. Nikarudi nyumbani na siku ya kazi imepotea. Nakuomba wewe unayesoma: kahawa, chai ya rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu viache tangu jana yake, na kama unatumia dawa za nguvu za kiume waambie, usione haya, maana hazipatani na dawa watakayokupulizia.

Mara ya pili nilimeza dawa ya mapigo usiku na asubuhi. Nikaingia na 58.

Unalala chali, mikono juu ya kichwa, waya za ECG kifuani, kanula ya kuingizia dawa kwenye kunjo la kiwiko. Nesi, binti mdogo mwenye adabu sana, alinifanyisha mazoezi ya kubana pumzi mara tatu. Akanipulizia dawa chini ya ulimi ya kutanua mishipa (kichwa kilinigonga hadi jioni). Kisha akaniinamia: "Baba, dawa ya rangi ikiingia utasikia joto kama umejikojolea. Hujajikojolea. Usitikisike." Na kweli, joto lilianzia kooni likashuka mpaka chini, na bila maneno yake ningeruka. Mezani nilikaa kama robo saa. Picha zenyewe ni sekunde chache.

Siku mbili baadaye daktari alinigeuzia skrini. Nimeuona moyo wangu. Akaweka ncha ya kalamu kwenye mshipa mkubwa unaoshuka mbele, upande wa kushoto, penye doa jeupe dogo kama punje ya mchele: chokaa iliyoganda juu ya mafuta. Umeziba chini ya asilimia 50, damu inapita. Kifua kile kilikuwa asidi ya tumbo. Ila lile doa lilikuwapo, na ECG isingeliona.

Kwangu hapo ndipo kipimo hiki kilipolipa. Sasa natumia dawa ya kushusha lehemu kila usiku, na sigara nimeitupa. Daktari alinitajia utafiti wa Scotland, wagonjwa 4,146 wenye maumivu ya kifua, matokeo ya miaka mitano yakachapishwa 2018: waliofanyiwa CT pamoja na huduma ya kawaida, waliokufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo au kupata shambulio la moyo walikuwa asilimia 2.3, wa huduma ya kawaida peke yake, 3.9. Mashine haikuzibua mshipa wa mtu. Watu walijulikana mapema wakapewa dawa.

Si cha kila mtu. Ile dawa ya rangi hupita kwenye figo, hivyo damu hupimwa kwanza. Wenye kisukari wanaotumia metformin waulize kama waisitishe. Aliyewahi kuvimba kwa dawa yenye iodini aseme. Mionzi yake ni mingi kuliko eksirei ya kifua, kwa hiyo usikifanye kila mwaka kujiridhisha. Wazee wenye chokaa nyingi, weupe wake huficha njia ya damu. Na ukikutwa umeziba sana, ule mrija bado unakungoja. Kifua kikikubana ghafla na jasho linakutoka, usipange miadi ya CT, kimbia idara ya dharura.

Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 46, bado yuko Tanga na bado anavuta. Ijumaa hii anapanda basi kuja Dar; Jumatatu nampeleka kwa daktari yule yule, na CD yenye picha za moyo wangu tunaenda nayo.