Makumbusho ya Mwalimu Nyerere Butiama: nendeni, na mkifika ulizieni habari za wakimbizi

Jamani kama mko Mwanza au Musoma na hamjawahi kufika Butiama pangeni safari, mi nyota tano natoa zote. Usafiri sio shida, unapanda gari la Musoma unashuka Kiabakari, pale utapata usafiri wa kukuingiza Butiama, ila bodaboda patana nae bei kabla hujapanda maana wetu alibadilisha nauli tumeshafika.

Jengo sio kubwa, ukipita haraka haraka utalimaliza halafu useme hamna kitu, kwa hiyo chukua mwongozaji. Wa kwetu kazi yake anaijua, anaanzia kwa Chifu Burito baba yake Mwalimu, anakuja shule Tabora, Makerere, Edinburgh, kuanzisha chama cha TANU 1954, kuacha ualimu Pugu 1955, hasomi popote, na ukimuuliza swali anasimama na wewe mpaka uelewe.

Sasa mi nilikuwa na langu. Bibi yangu ni mkimbizi wa 1972, yale mauaji ya Burundi, walivuka kuja Tanzania na watoto mgongoni wakaishia Katumba kule Mpanda, wakati ule pori tupu, familia inakatiwa shamba inaambiwa haya limeni. Na walilima, yaani miaka ya 80 makazi ya wakimbizi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo yalishajitegemea kwa chakula. Ndo nikamuuliza mwongozaji habari za wakimbizi, yule kaka uso ukabadilika kabisa, tukaongea mpaka wenzangu wakatangulia nje.

Maana watu tukimtaja Mwalimu ni uhuru, Azimio la Arusha na vita ya Kagera basi. Ila huyu mzee alipokea Wanyarwanda tangu miaka ya 60, akapokea Wamsumbiji waliokimbia Wareno, vijana wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, wakapewa eneo Mazimbu pale Morogoro wakajenga shule, na mwaka 1983 akapewa medali ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya hiyo kazi. Kumbuka hiyo ndo miaka watu wanapanga foleni ya sukari na sabuni! Nchi haina kitu na bado inagawa ardhi, kwangu mi hilo ni kubwa kuliko hotuba zote.

Haikuwa pepo, tusidanganyane. Kutoka nje ya makazi ilibidi uwe na kibali, bibi hilo halisahau. Na wakati maelfu ya Wanyarwanda walipewa uraia 1980, hawa wa 72 walisubiri hadi enzi za Kikwete, zaidi ya watu 160,000, vyeti vyenyewe vikaanza kutolewa 2014. Cha bibi kipo kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, ukitaka kukishika unanawa mikono kwanza. Ila ukimtajia Nyerere anakwambia yule alitupa jembe wakati wengine wanatupa risasi.

Ukimaliza nenda Mwitongo kwenye kaburi la Mwalimu, kuna mawe makubwa na upepo mzuri, msikimbilie gari. Epuka tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, kama hupendi msongamano, siku za kawaida asubuhi ndo nzuri. Na kama una mzee aliyepitia makazi yale mpeleke, mwache aongee yeye na mwongozaji wewe kaa kimya usikilize.