TAHADHARI: "Ufunguo mmoja wa nati za loki za magari yote" ni utapeli

Wadau, kuna matangazo ya ufunguo mmoja eti unafungua nati za loki (zile nati za tairi za kuzuia wizi, zinazofunguliwa kwa ufunguo wake maalum tu) za gari lolote, hata kama ule wa kwako umepotea. Msitume hela. Uso wa kila nati ya loki umechongwa mchoro wake, na kampuni moja tu ya magari huwa na michoro mingi inayokaribiana sana. Seti halali za gereji zipo, lakini ni sanduku zima la funguo za aina moja ya gari.

Anachokuletea tapeli huwa ni kimoja kati ya viwili. Cha kwanza ni boksi (soketi, yaani kichwa cha spana kinachovikwa juu ya nati) iliyojaa vijiti vya chuma vyenye springi. Kwa kazi nyepesi haina neno, ila nati ya tairi ya gari dogo hukazwa kati ya Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 100 na 130 hivi, na ikishika kutu inadai nguvu zaidi. Vijiti vinapinda na uso wa nati unakwanguka.

Cha pili ni boksi feki ya kung'olea, na hii ndiyo inayoumiza wengi maana zile za kweli zipo na zinafanya kazi. Ya kweli ni chuma kigumu cha kromu na molibdeni, mara nyingi nyeusi isiyong'aa, na meno yake ya ndani yamejisokota ili kadiri unavyofungua ndivyo yanavyozama kwenye nati. Feki inang'aa kama kijiko kipya. Pitisha tupa kwenye ukingo wake: ikiteleza, chuma ni kigumu, ikila kirahisi, rudisha mzigo kabla hujaupiga nyundo. Mwulize muuzaji kipenyo cha ndani kwa milimita. Akijibu "inaingia zote", achana naye, kwa sababu boksi lazima iwe ndogo kidogo kuliko nati na iingie kwa kugongwa. Inayoingia kwa mkono itazunguka bure. Pima pia upana wa tundu la rimu, maana nati ikizama ndani, boksi nene haipiti.

Baadhi ya nati zina pete ya nje inayozunguka yenyewe, na hilo wauzaji hawalisemi. Hapo hata boksi ya kweli inang'ata pete tu huku nati imetulia. Ni kazi ya fundi: pete itolewe kwanza, au nati nyingine ichomelewe juu yake.

Hasara kubwa si hela ya boksi. Ukishaharibu uso wa nati, hata ufunguo halisi hautashika tena. Kwa hiyo kabla ya nyundo, tafuta vizuri: kwenye mfuko wa jeki, chini ya spea, kwenye droo ya dashibodi. Tafuta pia kadi yenye namba ya ufunguo, kwani kwa namba hiyo wakala wa gari anaweza kuagiza mwingine. Anayedai atakuchongea kwa kuangalia picha ya simu, ukitanguliza malipo, naye ni wa kumkwepa: ufunguo unaokaribia kuingia ndio unaokata mchoro.

Ukiwa na boksi ya kweli, gari libaki chini, handibreki juu, miwani machoni. Puliza mafuta ya kulegeza kutu, usubiri. Nati nyingine ziache zimekazwa. Ukizitoa, mzigo wote unaiangukia hiyo moja. Gonga boksi iingie wima mpaka mlio wa nyundo ubadilike, kisha fungua kwa mpini mrefu, kwa mvuto mmoja usiokatika. Ikianza kuteleza, acha, igonge upya. Nati ikishatoka hubaki imenasa ndani ya boksi. Isukume kwa pini kupitia tundu la mraba upande wa nyuma.

Fundi anayekimbilia mashine ya upepo mzuie, hasa mwenye ufunguo mzima mkononi, kwani mitetemo yake ndiyo inayovunja funguo nyingi. Rudishia nati za kawaida zenye uzi uleule, mathalani M12x1.5 au M14x1.5 (unene wa skrubu na nafasi ya uzi kwa milimita), na kitako kilekile, yaani sehemu ya nati inayokalia rimu. Kitako cha koni kwenye rimu ya kitako cha duara hakikai sawasawa, na nati italegea barabarani.