Nywele za kipilipili Lamu: shampuu isiyo na salfeti au kondishena peke yake?

Nywele za kipilipili hukauka upesi kwa sababu mafuta ya kichwani hayateremki vizuri kwenye mikunjo hadi nchani. Ongeza jua, upepo wa kaskazi na kuogelea baharini Shela, halafu uoshe kwa shampuu yenye salfeti kali, yaani kemikali za kusafisha zitoazo povu jingi: zitakatika tu. Zabaki njia mbili za upole.

Kuosha kwa kondishena peke yake ndiko laini zaidi. Chanuo lapita bila vita na mikunjo hujipanga vizuri. Tabu ni ngozi ya kichwa. Kondishena haina nguvu ya kung'oa jasho, mchanga na mafuta ya nazi ya siku kadhaa, na anayejifunga mtandio mchana kutwa kwenye joto hili atajua mapema: kichwa huwasha, mizizi hunata. Silikoni zisizoyeyuka majini, yaani vilainishi vinavyotiwa kwenye kondishena nyingi, nazo hurundikana, kwa hivyo soma kibandiko kabla ya kulipa.

Shampuu isiyo na salfeti husafisha kweli, ila ni ghali. Kwa maji ya kisima yenye madini mengi, povu lake ni haba. Usimimine zaidi, ongeza maji.

Mimi naegemea shampuu hiyo mara moja kwa wiki, kwenye ngozi tu, na kondishena siku za kuogelea. Mafuta ya nazi yapake kabla ya kuosha: huingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini. Mwenye mba asijaribu kondishena peke yake.