Wiki kumi na programu ya kunipangia saa za kula

Nilipoipakua nilikuwa na kilo 91 na tabia ya kula saa tano usiku, nimesimama, mlango wa friji wazi. Leo nina 88. Usiikimbilie bado.

Kazi yake ni moja. Unachagua muda wa kula, mimi nikachukua saa sita mchana hadi saa mbili usiku, na muda ukiisha simu inalia. Siku ya kwanza niliandika 2:00, ikaniamsha saa nane za usiku kunitangazia kwamba kula kumefungwa. Kosa langu hilo.

Kinachoniudhi ni ule mduara wa rangi. Ukifikisha saa kumi na mbili bila kula unageuka wa chungwa na kuandika: "Sasa unachoma mafuta." Utadhani mwili una swichi! Mafuta yanachomwa saa zote. Kiasi hupanda polepole kadiri akiba ya sukari kwenye ini inavyopungua, na hilo hutegemea umekula nini na umetembea kiasi gani. Programu haikuuliza lolote kati ya hayo.

Tangazo lake linajivunia panya. Ni kweli, mwaka 2012 maabara ya Satchin Panda, Taasisi ya Salk, iliona panya waliolishwa mafuta mengi ndani ya saa nane tu hawakunenepa kama wenzao waliokula wakati wowote, ingawa kalori zilikuwa zilezile. Lakini mwaka 2020 yakatoka majaribio ya watu 116 kwa wiki 12, saa sita mchana hadi saa mbili usiku, yaani saa zangu hizohizo. Walipungua kidogo mno, na tofauti yao na waliokula milo mitatu kama kawaida haikuwa ya maana. Hao tangazo limewaruka.

Kilo zangu tatu basi zimetoka wapi? Kwenye friji. Simu ikilia, naona haya kufungua.

Sisemi saa hazina kazi. Usiku melatonini, homoni ya usingizi, ikipanda, kongosho hutoa insulini kwa kusuasua na sukari hukawia kushuka damuni. Ndiyo maana mwezi wa pili nilirudisha muda nyuma, saa nne asubuhi hadi kumi na mbili jioni. Mizani haikuongeza mwendo, ila ile njaa ya saa tano imenipungukia sana.

Halafu kuna hesabu ya siku mfululizo. Nilikuwa na 41. Nikashikwa na homa, nikaambiwa dawa nizimeze na chakula, usiku pia. Ikanirudisha sifuri, na uso wa huzuni juu yake.

Nyota tatu. Ningeipa nne, lakini dada yangu, ambaye hujidunga insulini, aliitaka naye, tukajisajili pamoja. Ikamuuliza umri, urefu, uzito anaoutamani. Habari za dawa, kimya, kisha ikampangia kukaa saa kumi na sita bila kula. Nikaifuta kwenye simu yake palepale.