Vidonge vya kusafisha kutu ya ubongo: chupa tatu, nyota moja

Mimi ni fundi bomba hapa Tanga, mwaka wa 22 huu, kwa hiyo ukinitajia kutu lazima nigeuze shingo. Nadhani ndivyo yule dada muuzaji alivyonipata. Alikuja na kikaratasi chenye picha mbili: upande huu bomba la chuma limeziba kwa kutu, upande huu mshipa wa damu umeziba vilevile. "Kaka, ubongo wa mama umeshika kutu. Hivi vinasafisha ndani ya siku 90." Nikatoa 85,000. Mwezi uliofuata nikatoa tena, na uliofuata tena.

Jina la vidonge silitaji, maana majina yanabadilika kila msimu na vilivyomo ni vilevile: vitamini C, vitamini E, madini ya seleniamu na majani ya mti uitwao ginkgo. Ukiviona hivyo vinne kwenye lebo moja, endelea kusoma.

Mama ana miaka 76. Kusahau kwake kulikuja kwa ngazi. Kwanza alipata kiharusi kidogo, mdomo ukapinda siku mbili ukarudi, lakini kuanzia hapo akawa anatia chumvi kwenye chai na kuinywa mpaka mwisho. Ikapita miezi minane ametulia. Halafu asubuhi moja akaniuliza kama baba ameshafunga ngalawa. Baba tulimzika 2009. Daktari alipoona picha ya kichwa akasema hii ni dimenshia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na akili, tena ya mishipa ya damu, ya pili kwa wingi baada ya ile ya Alzheimer, na mara nyingi hushuka hivyohivyo, ngazi kwa ngazi.

Sasa vidonge vyenyewe. Ni vikubwa, laini, rangi ya mafuta ya taa, na vikikaa juani vinagandana kama ubuyu. Mtu mzima mwenye koo zuri anavimeza kwa shida, sembuse mama. Mwezi wa kwanza sikuona badiliko. Mwezi wa pili dada yangu akasema mama amechangamka, mimi nikaitikia, maana pesa ilishatoka. Mwezi wa tatu tukawa tunafua kanga zake, nikafungua pindo analofungia hela, nikakuta vidonge 11, vimelowana vimeshikana. Kwa haki kabisa, basi, siwezi kusema nilivijaribu kwa mama. Nilivijaribu kwa kanga.

Ndipo nikamwomba binti yangu, anayesomea uuguzi, anitafutie waliovijaribu kwa watu waliovimeza kweli. Jioni tatu tulikaa barazani na simu yake. Ginkgo ilipimwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000, wengi wao wa miaka 75 na kuendelea, miligramu 120 mara mbili kwa siku, kwa miaka kadhaa. Majibu yakatoka 2008, na waliopewa ginkgo walipata dimenshia sawa tu na waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Vitamini E na seleniamu zilipewa wanaume wazee zaidi ya 7,000, majibu 2017: hazikuzuia. Kuna moja ya 2014 nisiyotaka kuificha: vitamini E uniti 2,000 kwa siku ilipunguza kasi ya wagonjwa kushindwa shughuli zao za kila siku, kama kuvaa na kuoga. Lakini hao walikuwa na Alzheimer ambayo haijafika mbali, walikuwa chini ya madaktari, na kumbukumbu haikuonekana kufaidika. Chupa yangu ilikuwa na uniti 200.

Na ile picha ya bomba? Nusu yake ni kweli, ndiyo maana inauza. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na penye oksijeni nyingi hutoka cheche, yaani chembe kali za oksijeni zinazokula kilicho karibu nazo kama kutu inavyokula chuma. Presha, sukari na sigara huzidisha cheche hizo kwenye kuta za mishipa yenyewe. Daktari alinieleza hivi: ukuta wa mshipa hutoa gesi iitwayo nitriki oksidi, na gesi hiyo ndiyo inayouamuru mshipa ulegee damu ipite. (Waliogundua kazi yake walipewa Nobel 1998.) Cheche zikikutana na gesi hiyo zinaila, mshipa unabaki umekaza, na sehemu ya ubongo inayofikiri wakati huo inakosa damu ya ziada. Tena kinachotokana na mlo huo ni sumu nyingine inayoharibu ukuta, mpaka vitu vya kwenye damu vinavujia ubongoni.

Nikamuuliza, si ndiyo hapo vitamini C ingezima cheche? Akasema cheche na ile gesi zinakimbiliana kwa kasi ambayo vitamini C haiwezi kuifikia, labda uijaze mwilini kwa wingi ambao kidonge hakiwezi kuuleta. Hapo ufundi wangu ukanisaidia. Bomba la chuma pale Raskazone, kwenye chumvi ya bahari, hujamaliza kulipia limeshaanza kuliwa, na sijawahi kuliponya kwa kumimina kitu ndani. Unatafuta kinacholila.

Daktari alikasirika kidogo pia, kwa heshima. Mama anatumia aspirini ndogo tangu kile kiharusi, na ginkgo inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Lebo haikusema neno juu ya hilo. Mimi nilikuwa sijamwambia daktari kama ninampa, na hilo kosa ni langu.

Kwa hiyo chupa ya nne sikununua. Nikanunua mashine ya presha ya mkono wa juu, 70,000, na hiyo naipa nyota nne. Nyota moja nimeikata kwa sababu mkanda uliokuja nayo ni wa mtu mnene. Kwenye mkono wa mama ulizunguka ukabaki, na mkanda mkubwa kupita kiasi unaonyesha presha ndogo kuliko ilivyo. Mkanda mdogo nikauagiza Dar, 18,000. Siku ya kwanza nao, saa kumi na mbili asubuhi, 178 kwa 96. Nilidhani betri. Nikarudia baada ya dakika tano, miguu chini, hakuna kuongea: 174. Daktari akaongeza dawa moja, na sasa daftari lina 130 na kitu karibu kila siku. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa watu zaidi ya 9,000 Marekani: kati ya walioshushwa presha chini ya 120, wachache zaidi walipata upungufu mdogo wa akili, ule unaoweza kutangulia dimenshia, kuliko kati ya walioachiwa mpaka 140, ingawa kwa dimenshia yenyewe tofauti haikuthibitika. Mama bado anaulizia ngalawa. Ngazi nyingine hajashuka, mwezi wa saba huu.

Yule dada alipiga simu wiki iliyopita kuulizia chupa ya nne. Nikamwambia mama alikuwa anavificha kwenye pindo la kanga.

"Basi kaka," akasema, "ipo ya unga, unachanganya kwenye uji."