Mtawala Aliyefura: Kuisoma Wizard of the Crow

Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika riwaya hii kwa Kikuyu kwa jina la Mũrogi wa Kagogo, ikaanza kuchapishwa Nairobi mwaka 2004, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza mwaka 2006. Nimeisoma tafsiri hiyo, yenye kurasa zaidi ya 700, nami naamini kwamba msomaji wa Kiswahili ana mlango wake wa kuiingilia.

Mlango huo ni majina. Katika nchi ya kubuni ya Aburĩria, mbunge mmoja, ambaye baadaye anakuwa waziri, anakwenda London kufanyiwa upasuaji ili macho yake yawe makubwa kama globu za umeme, apate kuwaona maadui wa Mtawala popote walipojificha. Huyo ni Machokali. Hasimu wake anakwenda Paris kuongezewa masikio, naye ni Sikiokuu. Sisi husema kila siku kwamba serikali ina macho, ina masikio na ina mkono mrefu, tukasema na kupita. Ngũgĩ anaulaza usemi huo juu ya meza ya upasuaji, nawe huna budi kuutazama ukiwa nyama na ngozi.

Mtawala naye anafura. Yuko New York kutafuta mkopo wa kujengea mnara wa kufika mbinguni, mara mwili wake unaanza kuvimba kama puto na sauti inamkauka. Riwaya hufunguka kwa nadharia tano za ugonjwa wake, na ya kwanza ni hasira. Mtu kufura kwa hasira si neno geni kwetu, lakini sikuwahi kulisikia likitisha namna hii.

Kilichoninyima usingizi, hata hivyo, ni habari ya Tajirika. Mfanyabiashara huyu amepokea magunia ya noti kutoka kwa wanaotaka zabuni za ule mnara, kisha anakwama kwenye neno moja, "kama", na hawezi kulivuka. Husimama mbele ya kioo akijikwaruza uso na kurudia "kama… kama…", hadi mganga anapoivuta sentensi yote ikatoka: kama ngozi yake ingekuwa nyeupe. Nilikifunga kitabu hapo kwa muda. Ugonjwa huo haukubuniwa kutoka hewani, kwani krimu za kujichubua zimejaa madukani mwetu.

Mganga mwenyewe, Kamĩtĩ, ni msomi asiye na kazi aliyetundika hirizi mlangoni ili kuwatisha polisi waliokuwa wakimfukuza, naye hunusa uozo wa rushwa kwa pua yake. Nimempenda kuliko mahojiano marefu ya Sikiokuu, ambayo katikati ya kitabu yanajirudia na kuchosha. Kurasa mia moja zingeweza kupunguzwa hapo bila hasara yoyote.

Ninapendekeza kitabu hiki kisomwe kwa sauti, hasa sehemu za askari A.G., anayesimulia maajabu aliyoyaona huku akiapa kila mara, "Haki ya Mungu!" Kiapo hicho kimebaki kwa Kiswahili hata ndani ya Kiingereza, na nilipomsomea mama yangu, alianza kumwitikia A.G. kana kwamba ameketi naye barazani.