Nimeuza mkusanyiko wangu wa vitu vya majasusi mnadani: uzoefu wangu kama muuzaji

Vitu 412. Ndivyo nilivyokabidhi kwa nyumba ya mnada baada ya kuvikusanya kwa miaka 43: riwaya za ujasusi za toleo la kwanza, mabango ya filamu, picha zilizokuwa zikiwekwa kwenye vioo vya majumba ya sinema, magari ya kuchezea, tikiti, kadi, na makaratasi ambayo mtu mwingine angeyaona takataka. Naandika kwa sababu nilipotafuta maelezo ya mnada kwa upande wa muuzaji, karibu kila nilichosoma kilimlenga mnunuzi.

Jambo kubwa nalitanguliza. Ukiuza mkusanyiko mzima, pesa yako na majuto yako vyote vinatokana na jinsi vitu vinavyogawanywa kuwa loti, yaani mafungu yanayopewa namba na kuuzwa kila moja kwa bei yake. Siku ya nyundo, yaani ya mnada wenyewe, pale mnadi anapogonga nyundo kufunga bei, watu wanaiogopa bure. Kufikia siku hiyo mambo yameshaamuliwa wiki kadhaa nyuma, mezani, na mtu anayepanga vitu vyako mafungu mafungu.

Niliuza kwa sababu macho yangu yamepungua nguvu, nyumba ninayohamia ni ndogo, na wanangu waliniambia wazi kwamba hawataweza kuvitunza. Kila mmoja alichagua kitu kimoja. Vilivyobaki nilitaka viende kwa watu wanaovijua.

Mthamini wao alikuja siku mbili. Huyu nampa maksi zote. Alianza na vitabu, na nilimtazama sana mikono. Hakufungua kitabu hata kimoja kabla ya kukagua jaketi, ile karatasi inayofunika jalada. Aliangalia kwanza kona ya ndani yenye bei, kama imekatwa, kwa sababu zamani watu walikuwa wakikata bei kabla ya kutoa kitabu kama zawadi. Halafu aliangalia mgongo kama umepaushwa na jua. Ndipo akafungua ukurasa wa taarifa za uchapaji.

Kwa asiyejua biashara hii, jaketi ndilo lenye pesa. Chukua Casino Royale ya Ian Fleming, riwaya ya kwanza ya jasusi James Bond, iliyotoka Aprili 1953. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala 4,728 tu, zikaisha chini ya mwezi mmoja. Nakala ya chapa hiyo yenye jaketi lake la asili na ile isiyo na jaketi ni kama vitu viwili visivyojuana, ingawa maneno yaliyomo ndani ni yale yale. Mimi sikuwahi kuipata. Niliyokuwa nayo ni ya chapa ya tatu, ya 1954, tena bila jaketi, na mthamini aliniambia bila kunizungusha kwamba itauzwa kwa wanaoipenda, si kwa wawekezaji. Nilifurahi kuambiwa ukweli mapema.

From Russia, with Love ya 1957 ndiyo aliyoishika kwa muda mrefu. Jaketi lake ni la kwanza ambalo Richard Chopping alimchorea Fleming, lenye bastola na waridi, na langu lilikuwa na mpasuko mdogo juu ya mgongo. Aliuliza kama nimewahi kuuziba kwa selotepu, ule utepe wa gundi. Sijawahi. Alisema mpasuko ulioachwa kama ulivyo una nafuu kuliko mpasuko uliozibwa, maana selotepu huacha doa la kahawia lisilotoka. Kama una vitabu vya namna hii nyumbani, tafadhali usiviguse na selotepu.

Upande wa mabango nilijifunza jambo nililokuwa nikilielewa kinyume. Nilikuwa nikiihesabu mikunjo kuwa kasoro. Yeye aliitafuta. Mabango ya sinema ya Uingereza ya miaka ya 1960, yale mapana ya inchi 40 kwa 30, yalisambazwa yakiwa yamekunjwa. Ukiletewa bango la wakati huo likiwa limenyooka kabisa, halina hata alama ya mkunjo, una sababu ya kulichunguza zaidi. Langu la Goldfinger, filamu ya Bond ya 1964, lilikuwa na mikunjo yake yote pamoja na matundu ya pini kwenye kona nne, na lilipita.

Ambayo haikupita ni picha yenye saini ya Sean Connery, mwigizaji aliyecheza kama Bond kwenye filamu hizo. Niliinunua kwa posta, ikaja na cheti kizuri chenye muhuri. Mthamini aliiweka chini ya lenzi akanionyesha: mstari wa wino una unene mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mahali pawili kalamu imesimama kidogo kisha ikaendelea. Mtu anayesaini jina lake haraka hafanyi hivyo. Anayechora jina la mwenzake ndiye anayesita. Picha hiyo ilikaa ukutani kwangu miaka 19. Waliikataa, na nawaheshimu kwa hilo, maana wangeweza kuiuza na kujipatia kamisheni yao.

Hapo ndipo tulipozungumzia historia ya umiliki wa kitu. Mfano anaopenda kuutoa ni bastola ya upepo ya Walther. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mpiga picha David Hurn alitakiwa kumpiga Connery picha za kutangaza From Russia with Love, na bastola ya Bond haikuletwa studio. Hurn alikuwa na bastola yake ya upepo ya kulengea shabaha, wakaitumia hiyo. Mwaka 2010 iliuzwa kwenye mnada wa Christie's, London, kwa pauni 277,250. Si hata bastola ya risasi. Kilichoipa thamani ni kwamba inajulikana ilitoka wapi, nani aliishika na katika picha zipi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa bahati mimi nilikuwa na daftari. Tangu mwaka wa kwanza niliandika kila kitu: nilikinunua lini, kwa nani, kikiwa na nini. Mthamini alinakili kurasa za vitabu na za mabango. Kurasa za vitu vya kuchezea hakuzinakili, kwa kuwa alisema hivyo vitashughulikiwa na mwenzake ofisini. Mwenzake hakuniomba, nami sikumpelekea. Nitalirudia jambo hili.

Mkataba, kwa ufupi. Walianza na kamisheni ya asilimia 15 ya bei ambayo nyundo imegonga, bima, ada ya kupiga picha kila loti, na ada nyingine kwa loti isiyouzwa. Nilijadiliana nao kwa barua pepe tatu tu: kamisheni ikashuka hadi asilimia 10, ada ya picha ikafutwa, na ile ya loti isiyouzwa pia. Ukiwa na vitu vingi una nguvu ya kujadili, itumie. Kumbuka vilevile kwamba mnunuzi naye anatozwa asilimia yake juu ya bei ya nyundo, na anayejua hesabu huitoa hiyo kichwani kabla ya kuinua mkono. Kwa hiyo ada ya mnunuzi nayo inaigusa pesa yako. Kuhusu kima cha chini ambacho kitu hakiuzwi chini yake, wao hawakubali kizidi makadirio ya chini, kwa kuwa kila loti hukadiriwa bei ya chini na ya juu. Niliweka kima kwa vitabu 11 na mabango 6, vingine vyote nikaviacha viende.

Sasa loti. Rasimu ya katalogi ilikuja ikiwa na loti 140. Sehemu ya vitabu niliisoma neno kwa neno nikarekebisha mambo manne. Walikuwa wameiweka The IPCRESS File ya Len Deighton, ya 1962, kwenye fungu moja na riwaya nyingine tano za muongo huo. Nilipiga simu. Kitabu kile kina jaketi jeupe alilolibuni Raymond Hawkey, na weupe ule huchafuka kwa kushikwa tu. Langu nililitunza ndani ya plastiki tangu siku ya kwanza. Waliitoa ikawa loti peke yake, na siku ya mnada ilipata zaidi ya makadirio ya fungu zima ilimokuwa. Simu moja tu, ya dakika kumi.

Sehemu ya vitu vya kuchezea ilikuwa mwishoni. Niliipitia usiku, macho yamechoka, nikaona picha ya gari langu la kuchezea la kampuni ya Corgi na boksi lake, nikaridhika.

Gari hilo ni Aston Martin DB5, gari la Bond, namba 261 ya Corgi, lililotoka mwaka 1965, limepakwa rangi ya dhahabu ingawa lile la kwenye filamu ni la fedha. Ukibonyeza mabomba ya moshi nyuma, ngao ya risasi inapanda. Kuna kitufe kidogo kingine. Ukikibonyeza paa linafunguka na abiria anarushwa nje, na kwa sababu watoto walikuwa wakimpoteza, ndani ya boksi kulikuwa na bahasha ya maagizo ya siri yenye abiria wa akiba. Magari yamebaki mengi. Bahasha zilichanwa, zikatupwa. Yangu ilikuwepo, na yule abiria mdogo bado alikuwa ndani.

Ofisini, mtu aliyepanga alikuta bahasha ya karatasi, akaiweka na karatasi. Gari na boksi likawa loti 127. Bahasha ikaingia loti 139, "karatasi mbalimbali", pamoja na tikiti na kadi za mashabiki. Daftari langu lilikuwa limeandika vyote vitatu kwenye mstari mmoja.

Niligundua wakati mnada ukiendelea, nikiutazama kwenye intaneti. Mnadi alisema "bila bahasha" nikadhani nimesikia vibaya. Mambo yanakwenda kasi sana pale, kila loti haifiki dakika moja, na kabla sijapata namba ya simu nyundo ilikuwa imeshagonga. Niliumia kweli. Pesa iliyopungua si kubwa mno. Kilichoniuma ni kwamba vile vitu viwili vilikaa pamoja tangu kiwandani, vikapita kwa watoto, kwa wauzaji wa mitumba, kwangu, na vikatenganishwa mikononi mwa watu niliowalipa wavitunze.

Mengine ya siku hiyo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. From Russia, with Love ilivuka makadirio ya juu, mpasuko na yote. Mabango mawili hayakufika kima nikarudishiwa. Boksi la vitu vya kipindi cha televisheni cha The Man from U.N.C.L.E., ambacho kilionyeshwa kuanzia 1964 hadi 1968, lilikadiriwa chini kabisa. Watu wawili wakaligombania hadi mara sita ya makadirio. Mnada unahitaji watu wawili tu wanaotaka kitu kimoja kwa wakati mmoja, na hakuna mthamini anayeweza kukuahidi kwamba watakuwepo.

Malipo yalikuja siku ya 36, na karatasi ya mchanganuo ilikuwa safi, kila loti na makato yake. Mnunuzi mmoja hakulipa, loti yake itarudi mnada ujao.

Kwa uthamini wa vitabu na mabango nawapa nyota tano. Kwa mkataba, nne. Kwa vitu vidogo, mbili, na ningewapa moja kama wasingekiri kosa haraka. Walifuta kamisheni ya loti zote mbili na mkuu wa idara alinipigia mwenyewe, hakumtuma mtu. Nikiulizwa kama ningewatumia tena, ndiyo, lakini safari hii ningenakili daftari zima na kupeleka kila ukurasa kwa anayepanga loti, nikadai kusaini orodha ya mwisho ya kila fungu kabla haijachapishwa.

Nyumba ya mnada ilimwandikia mnunuzi wa loti 139 kumwuliza kama atakubali kuiuza bahasha kwa mwenye gari. Alijibu kwa adabu kwamba bahasha ndiyo iliyomfanya anunue lile fungu. Ni haki yake. Nimefungua daftari na kwenye mstari ule, mbele ya "gari, boksi, bahasha", nimeandika namba mbili: 127 na 139.